Bandi Moja

Waraka wa benki ulitufikia Vizela
ukiwa umekunjwa ndani ya koti la sampuli:
kurasa kumi na moja, muhuri wa Zuriki.
Sketi: sentimita mbili chini ya goti, si tatu.
Kola: ifunike mfupa wa shingo.
Soksi ndefu, rangi ya ngozi
(ngozi ya nani, haikusemwa).
Mifuko: ya kuonekana tu. Vifuniko vishonwe, visifunguke,
kwa kuwa simu huvimbisha nyonga
na nyonga iliyovimba huharibu mstari wa koti.

Felismina aliusoma, miwani kwenye ncha ya pua.
Miaka thelathini na minane kiti kilekile,
sponji yake imeliwa katikati kama sabuni.
"Mstari," alisema. "Mstari nauchora mimi."
Akachukua chaki.

Mimi nilikuwa na wiki tatu kazini.
Nilidhani mfuko wa uongo ni kazi ya mtoto.
Kumbe uongo nao una mafundi wake:
kifuniko lazima kilale kama kope la msinziaji,
mlia ukutane na mlia,
kona igeuzwe kwa ncha ya mkasi bila kutoboka.
Siku ya kwanza nilifumua ishirini na viwili.
Vifungo sikuvikosea. Vitatu kwa kila koti,
na cha tatu, waraka ulisema,
kisifunguliwe kabla ya saa kumi na moja jioni.

Nasi pia tulikuwa na vazi letu:
makoti ya kazi ya buluu, hayana mfuko hata mmoja,
ili uzi usitembee kwenda nyumbani nasi.
Chaki tuliibeba sikioni,
leso kwenye mkono wa blauzi,
sarafu ya kahawa ndani ya sidiria, baridi mpaka saa nne.
Amri hiyo haikuhitaji kurasa.
Bwana Abílio aliitamka mara moja, mlangoni,
huku mikono yake miwili
imezama mifukoni.

Koti la mia mbili na kitu likapita mkononi mwangu
likiwa zito kidogo kuliko lilivyostahili.
Gramu chache tu.
Saizi arobaini na nne, kikaratasi kimebanwa kwa pini:
Annelies W., mkono wa kushoto uongezwe sentimita moja.
Nikaingiza kidole chini ya kifuniko. Kimefungwa.
Nikapindua bitana,
na hapo, gizani, mfuko mzima,
kina chake kiganja na robo,
umekatwa kwenye mabaki ya jana,
kingo zimezungushiwa, mishono miwili sambamba,
na mdomo umefungwa kwa bandi moja,
uzi wa pamba, fundo upande wa kulia,
wa kukatwa kwa jino.

Nikamtazama. Hakuinua uso.
"Vimeshonwa," alisema.
"Waraka haukutaja uzi gani."

Makoti mia nne na sitini yalipakiwa Ijumaa.
Mkaguzi alipima goti, akapima kola,
akapitisha kiganja juu ya nyonga zisizo na mtu,
akatia saini.

Kisha baridi ikaja, mto Vizela ukapanda hadi ngazi ya pili,
na sisi tukaingia kwenye suruali za wahudumu wa treni,
ambazo zina mifuko sita, kwa kuwa ni za wanaume.

Mwezi wa tatu koti moja lilirudi kutengenezwa,
limechanika kiwikoni.
Arobaini na nne.
Bandi haikuwepo, hata unyuzi.
Ndani ya mfuko: tiketi ya tramu,
kipande cha penseli kilichotafunwa,
peremende moja katika karatasi ya kijani.

Felismina aliziba kiwiko kwa nyuzi alizozichomoa
kwenye pindo la koti hilohilo,
polepole, hadi nisione palipokuwa pamechanika.
Akarudisha tiketi. Akarudisha penseli.
Peremende akaimenya,
akaiweka ulimini, akavuta cherehani karibu.
"Malipo," alisema.